Kadi ya Mashariki

Wiki niliyokabidhi funguo za makumbusho, dada anayechukua nafasi yangu aliniuliza kwa nini kila mgeni, kabla sijamfungulia mfano wa kilima, nilikuwa namwambia kwanza kwamba haruhusiwi kuchimba kwa kuufuata. Nikamjibu kwamba nitaandika. Naandika polepole, maana nimesoma hadi darasa la saba tu, na barua nyingi nilizoandika maishani zilikuwa za kuarifu misiba. Hii nayo haiko mbali sana na hizo.

Nilianza kazi kama mfagiaji. Jengo lenyewe mnalijua, lilikuwa ghala la pamba, na siku za joto kuta zake bado zilinukia mbegu za pamba. Ndani kulikuwa na vyumba viwili vya wageni. Cha kwanza tulikiita chumba cha moto, ndimo yalimokuwa mawe ya volkano kutoka kila upande wa nchi. Cha pili tulikiita chumba cha watu, kwa sababu kilieleza habari za watu waliozichunguza volkano tangu zamani. Kulikuwa na cha tatu ambacho wageni hawakukiona, chenye ndoo, mifagio na birika la chai. Hicho ndicho kilikuwa changu.

Siku yangu ya kwanza niliharibu jiwe. Kwenye rafu kulikuwa na chupa pana ya kioo, mfuniko wake umezibwa kwa nta, na ndani yake jiwe jeusi kutoka Oldonyo Lengai. Niliona kioo kina vumbi, nikadhani na jiwe linalo. Nikabandua nta, nikalitoa, nikaliosha kwa maji na sabuni ya unga, nikalianika dirishani. Mchana alikuja Mzee Maganga, fundi wa makumbusho, ambaye nilikuwa sijamwona bado.

"Jiwe langu jeusi liko wapi?"

"Shikamoo mzee. Hili hapa. Nimeliosha."

Halikuwa jeusi tena. Lilikuwa limepauka kama unga wa muhogo na upande mmoja unameguka. Akalishika, akavuta kigoda, akakaa.

"Mayu," akaniambia, ndivyo Wasukuma wanavyomwita mama, "jiwe hili limetoka tumboni mwa mlima likitiririka kama uji. Limepona moto. Limepona safari ya lori kutoka Arusha. Limekuja kufia kwenye ndoo yako."

Nilidhani nimefukuzwa kazi. Kumbe alikuwa anacheka, ila alikuwa mtu wa kucheka kwa mabega, uso hausogei. Baadaye alinieleza kwamba lava ya mlima ule si kama ya milima mingine. Ina magadi, na ikiguswa na unyevu wa hewa tu hubadilika rangi, seuze ndoo ya maji. Jiwe lile lipo mpaka leo, rafu ya chini, nyuma ya kokoto za Rungwe. Likiwashinda kulieleza, waambieni wageni ndivyo linavyokuwa mfagiaji akiwa na bidii.

Mzee Maganga hakuwa na shule kunizidi sana. Alianza ujana wake akiwabebea mizigo wataalamu wa miamba, akapanda nao milima, akajifunza kukata mawe kwa msumeno wa maji na kuyasugua hadi yawe membamba kiasi cha kupitisha mwanga. Katika chumba cha watu iko picha ya wataalamu watatu juu ya kreta, na nyuma yao mtu ameinama na sanduku kichwani. Maelezo ya picha yanataja vyeo vya wale watatu. Nilimuuliza siku moja yule wa nyuma ni nani.

"Mimi."

"Mbona umeinama?"

"Moshi wa kiberiti, na kule lazima mtu mmoja ashike sanduku. Wao walishika pua."

Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Aliniambia jiwe usilitazame kwa nje, maana nje ni vumbi la safari tu. Livunje kona, utazame uso mpya. Alinipa lenzi yake ndogo iliyofungwa kwa kamba ya kiatu, akanionyesha kuisogeza karibu kabisa na jicho na kulileta jiwe kwenye lenzi, wala si kuinama juu ya jiwe kama mtu anayetafuta sindano. Alinifundisha mawe yapi yana sumaku, yapi huchemka ukiyadondoshea asidi, na lile jepesi lenye matundu ambalo huelea kwenye beseni. Hilo lilikuwa maarufu kwa wanafunzi. Mengi niliyoyajua niliyapata huku nimeshika fagio.

Alikuwa na sheria moja aliyoirudia hadi ikawa inanichosha: jambo usilolijua sema hulijui, jiwe halitakasirika.

Wageni walipoongezeka, na mtaalamu aliyekuwa akiwatembeza alipohamishwa, mkuu wa makumbusho aliniambia niwe nawapokea kwa muda. Muda huo ulifika miaka ishirini na kitu. Niliipenda kazi hiyo. Katika chumba cha watu niliwaonyesha picha ya yule mtu wa kale aliyesogea na mashua kuutazama mlima unaowaka akafia ufukweni kwenye majivu, nikawaeleza kwamba habari zake ziliandikwa na ndugu yake, na kwamba uchunguzi mwingi wa volkano umeanza hivyo, mmoja anafa na mwingine anaandika. Niliwaonyesha ile mashine ya kuandika mitetemo, nikawaambia waruke wote kwa pamoja waone sindano ikichora. Wachungaji walileta waumini wao waone mfano wa jehanamu. Kwa hao nilikuwa nasimama pembeni, mchungaji anahubiri mwenyewe, nami napumzisha sauti.

Lakini mgeni awe mchungaji, mwalimu au mfugaji, mwisho aliuliza swali lilelile: "Humu ndani dhahabu ipo?" Hapo ndipo nilipompeleka kwenye mfano wa kilima.

Waliokuja kazini karibuni wameukuta katika hali yake ya sasa, kwa hiyo nieleze ulivyokuwa. Mzee Maganga aliutengeneza kwa mbao, waya wa banda la kuku na saruji, juu ya meza ndefu. Ulikuwa kilima kimoja cha upande wa Mwakitolyo, ambacho wachimbaji hukiita kwa majina matatu tofauti. Aliunakili kutoka kwenye michoro ya wataalamu waliotoboa pale zamani kwa mashine. Juu palikuwa na nyasi za kupaka rangi na ng'ombe wawili wa udongo. Mfano ulifunguka katikati kama boga lililopasuliwa, na ndani ungeona jiwe la kijani, ambalo ndilo lava ya volkano za kwetu zilizokufa zamani isiyohesabika, na ndani ya lile la kijani mstari mweupe, ndio mwamba unaobeba dhahabu. Mstari ulishuka vizuri, kisha ukakatwa na ufa. Chini ya ufa uliendelea, ila ulikuwa umesogea kando, kama mtu aliyeruka hatua moja. Kwenye ncha mbili za meza palibandikwa kadi mbili: moja imeandikwa Mashariki, nyingine Magharibi.

Mwaka mmoja wa mvua nyingi bati lilitoboka juu ya meza ile. Mzee Maganga alikuwa Geita, dada yake amefariki, na alikaa huko wiki tano kwa ajili ya msiba na mambo ya wale watoto waliobaki. Nilifika asubuhi nikakuta maji yanadondokea kwenye upande wa mfano uliokuwa na rangi dhaifu, kadi zote mbili zimelowa na kuanguka sakafuni, wino umechuruzika. Wageni walikuwa njiani, wanafunzi wa sekondari na walimu wao. Meza ilikuwa nzito, haisogei kwenda popote katika chumba kile, lakini nikiwa na mlinzi tuliweza kuizungusha, ncha ya huku ikaenda kule, ili upande ule dhaifu uondoke kwenye maji, na palipodondokea tuweke ndoo. Tukafanya hivyo. Nikakata kadi mpya, nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote. Kisha nikasimama nazo mkononi.

Sikukumbuka ipi ilikaa wapi. Nawaandikia kama ilivyokuwa. Mvua ilikuwa imekatika, na jua la asubuhi lilikuwa linaingia kwenye dirisha la kushoto. Nikajisemea, jua linachomoza huku, basi mashariki ni huku. Nikabandika. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Haikuniingia akilini kwamba mashariki ya chumba si mashariki ya kilima, na kwamba kilima nilikuwa nimeshakigeuza.

Mzee aliporudi alikuwa amekonda. Alipita mbele ya meza ile mara nyingi na hakuona. Nani anasoma kadi aliyoiandika mwenyewe? Nami sikumwambia nimezungusha meza. Si kwamba nilificha. Niliona ni jambo la usafi.

Baada ya masika alikuja Masanja. Alikuwa mchimbaji mdogo, kiongozi wa duara moja kule kilimani. Kwa msio wa huku, duara ni shimo la wachimbaji linaloshuka wima, limeshikiliwa kwa magogo. Alikuwa mtu wa makamo, mrefu, mashati mawili mwilini na kofia mkononi. Alikuja peke yake na alilipa kiingilio bila kuomba apunguziwe, jambo ambalo wachimbaji hawalifanyi.

Nilimweleza habari ya moto, lava, na maji ya moto yaliyopanda kwenye nyufa yakaacha dhahabu. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo mlima ulitapika," akasema.

"Ulitapika."

"Na sisi tunashindania matapishi."

"Unaweza kusema hivyo."

"Nitawaambia wenzangu. Wanajiona matajiri." Akacheka, nami nikacheka.

Nilipomfungulia mfano, aliacha kucheka. Alipiga magoti kabisa, akaweka kidole kwenye mstari mweupe, akaushusha hadi kwenye ufa, akakiacha hapo.

"Hapa ndipo tulipo," akasema. "Mwamba umetukimbia. Miezi miwili tunapasua jiwe la kijani tupu. Wengine wanasema twende kulia, wengine kushoto. Mganga ametuambia kushoto, lakini mganga huyo mwaka jana aliwaambia wenzetu kushoto wakakuta chura." Akanitazama. "Mwalimu, mwamba umekwenda upande gani?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniita mwalimu. Nilitazama chini ya ufa, nikatazama kadi.

"Mashariki."

Akavaa kofia, akaivua tena.

"Upande wa mashariki yapo maduara ya zamani, yaliachwa. Yamejaa maji, na hakuna anayejua yamefika wapi huko chini. Una uhakika, mwalimu?"

Hapo ndipo ile sheria ya Mzee Maganga ilipaswa kunitoka mdomoni. Ningeweza kusema sijui, ngoja nimwite fundi, yuko nyuma anakata mawe. Msumeno ulikuwa unasikika. Ningeweza kusema mfano huu ni wa kufundishia, haujapimwa kwa ajili ya mtu kuingia ardhini.

"Nina uhakika," nikasema.

Alinishukuru kwa mikono miwili. Alichora kwenye karatasi ya sigara, akaiweka mfuko wa shati la ndani.

Habari ilitufikia kama wiki saba baadaye, na ilikuja kama habari zote za machimbo zinavyokuja, kwa dereva. Maji yameingia kwenye duara. Wawili hawakutoka. Waliokuwa juu walisikia kama upepo, wakavuta kamba, ikaja nyepesi. Jina la Masanja lilikuwa la kwanza. Wa pili walimwita Isaka, kwa sababu alitokea Isaka. Jina lake lenyewe hakuna aliyelijua pale.

Ofisi ilimtuma Mzee Maganga akaangalie pamoja na watu wa wilaya, kwa kuwa alikuwa na michoro ya zamani. Alirudi siku ya tatu, viatu vina udongo mwekundu, akaenda moja kwa moja kwenye meza. Nilikuwa nafuta vioo. Alitazama kadi, akatazama dirisha. Kisha akainama, akaingiza mkono chini ya ukingo wa mbao na kuupapasa, akaniita nishike tochi. Chini kule, kwa penseli ya seremala, alikuwa ameandika siku alipoutengeneza: Mgh, yaani magharibi. Juu yake ilikuwa kadi yangu ya Mashariki.

"Nani aligeuza meza hii?"

"Mimi. Na mlinzi. Maji yalikuwa yanadondoka."

"Na kadi?"

"Mimi peke yangu."

"Ulizipangaje?"

"Nilifuata jua la dirishani."

Nilitaka anitukane. Aliuliza tu, "Alikuja hapa?" Nikamwambia alikuja, na aliuliza mara mbili, na mara zote mbili nilichomjibu. Sikupunguza neno. Mwamba ulikuwa magharibi, kama hatua ishirini kutoka pale mwamba ulipowakimbia.

Tulikwenda kwa mkuu wa makumbusho. Alikuwa mtu mzuri, mwenye woga. Alifunga mlango.

"Mama Milembe, sikiliza. Mfano haukuua mtu. Maji ndiyo yameua. Wale wamechimba bila kupima, kuelekea mashimo wanayoyajua wenyewe. Karatasi ya sigara imeshaoza. Usiende kujitafutia kesi na kututafutia na sisi."

"Mke wake hajui," nikasema.

"Akijua atamfufua?"

Mzee Maganga alisimama. "Mkuu, kesho naomba ruhusa. Namsindikiza mtu msibani."

Mwisho wa mwezi ule nilipewa barua ya onyo. Iliandikwa kwamba nimehamisha samani za ofisi bila kibali. Ninayo. Ndiyo karatasi pekee ya serikali inayogusa jambo lile, na haina jina la mtu aliyekufa.

Tuliondoka kwa gari la kwanza. Njiani Mzee aliniuliza mara moja tu kama nina hakika nataka, nikasema sina hakika ila nakwenda. Alisema hilo ndilo jibu la kwanza la kweli tangu jambo lianze. Hakulisema kwa ubaya.

Nyumba ilikuwa pembeni ya machimbo, ya matofali mabichi, na turubai limefungwa mbele kwa ajili ya waombolezaji. Wengi walikuwa wameshaondoka. Mke wa Masanja, Mama Kabula, alikaa kwenye mkeka, kichwa kimenyolewa, miguu ameinyoosha. Alikuwa amenizidi miaka michache. Alitudhania wageni kutoka ofisini tulioleta rambirambi, akamwambia shemeji yake atuletee maji. Nikakaa chini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mimi ni mtembezaji wa makumbusho, Shinyanga mjini. Baba Kabula alikuja kwangu kabla ya ajali. Aliniuliza mwamba umekwenda upande gani. Mimi ndiye niliyemwambia mashariki. Nilikosea. Nilikuwa nimebandika kadi vibaya, na sikuwa najua, lakini nikamwambia najua."

Shemeji alisimama, bilauri mkononi. Mzee Maganga akasimama pia, akajiweka kati yake na mimi bila kumgusa mtu. Mama Kabula hakusogea.

"Alikuuliza mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Mara ya pili ukasemaje?"

"Nikasema nina uhakika."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayeambiwa bei ya kitu.

"Mara mbili," akasema. "Huyo bwana miaka yote hii mimi hajaniuliza jambo hata mara moja. Nilimwambia, Masanja, upande ule una maji, hata mbuzi wanajua. Akaniambia kuna mwalimu mjini ana kilima kizima mezani, amekifungua kama chungu, ameona ndani." Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Kumbe ni wewe."

"Ni mimi."

"Umesoma mpaka wapi?"

"La saba."

"Na mimi la saba."

Shemeji akasema kitu kwa Kisukuma, kikali, kwamba tutolewe. Mama Kabula akamnyamazisha kwa kuinua mkono. Kisha akasema nami polepole, na maneno yake sijayasahau hata moja.

"Umekuja, na wengine wasingekuja. Hilo nimeliona. Salamu yako nitaiitikia popote utakaponikuta, maana sikulelewa kunyamazia salamu. Lakini usije tena kwangu. Usilete chochote, usitume mtu. Msamaha usiniombe, sina."

Nikasema nimesikia. Tukanyanyuka.

Habari za yule wa pili nilizifuatilia mwenyewe. Nilikwenda Isaka mara mbili, nikauliza kwa wapakiaji wa bandari kavu, kwa madereva wa malori, kwa mama lishe wa pale reli. Wengi waliwajua vijana waliokwenda machimboni, na wengi hawakurudi kwa sababu nyingine tu. Huwezi kumtafuta mtu kwa jina la mji aliotoka ukiwa ndani ya mji huohuo. Sikumpata mama yake wala ndugu yake. Kama yuko anayemsubiri, anamsubiri mpaka sasa, na ni kwa sababu yangu.

Mzee Maganga alirudisha meza kama ilivyokuwa, akachukua patasi, akachonga herufi kwenye saruji yenyewe, M upande mmoja na Mgh upande mwingine, na mshale wa kaskazini katikati. Ndizo mnazoziona. Kadi hazikubandikwa tena. Hakuniondoa kwenye kutembeza wageni. Nilimwomba aniondoe, akaniambia nikiondoka atawekwa mtu ambaye hajawahi kukosea, na mtu wa namna hiyo anamwogopa zaidi. Kuanzia hapo, kila mgeni nilimwambia kwanza maneno yale mnayoyajua: mfano huu ni wa kukufundisha namna volkano ilivyoacha dhahabu, haukupimwa kwa ajili ya mtu kuingia ardhini, ukitaka kuchimba nenda kwa mtaalamu mwenye vipimo, na ukiniuliza mimi nitakwambia sijui. Wachimbaji wengine walinicheka. "Mama unalinda dhahabu ya nani?" Nikawaacha wacheke.

Mzee Maganga alifariki mwaka wa nne baada ya hapo. Mapafu. Miaka yote alikata mawe bila kuziba pua, na siku maji ya msumeno yakikatika aliendelea kukata hivyohivyo, chumba kizima kinakuwa cheupe. Naandika hili kwa mtakaoshika msumeno ule: maji yakikatika, zima. Vaeni barakoa, hata mkichekwa. Nilimuuguza zamu za mchana mkewe akiwa shambani. Siku za mwisho alikuwa hawezi kusema sentensi ndefu. Aliniuliza kama nimewahi kurudi kwa yule mama. Nikamwambia sijarudi, kwa kuwa alinikataza. Akasema, "Vizuri. Tii." Halafu akalala.

Miaka michache baadaye Mama Kabula alihamia Shinyanga mjini na watoto wake. Akapata meza sokoni, upande wa nafaka, anauza michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, na karanga. Sikumtafuta. Nilimkuta tu, nikitoka kazini, nikasimama kama nimegonga ukuta. Nikasema shikamoo mama. Akaniangalia, akafunga fundo la mfuko aliokuwa anaufunga, akasema marahaba. Nikapita.

Njia yangu ya kurudi nyumbani ilikuwa ni ile, kwa hiyo ikawa hivyo karibu kila siku ya kazi, miaka hii yote. Sijawahi kununua kitu kwake, kwa sababu alisema nisilete chochote, na niliona kununua ni namna ya kuleta. Sijui watoto wake wamefikia wapi. Hajawahi kuniuliza habari za nyumbani. Siku nilizougua, niliporudi hakuuliza nilikuwa wapi. Mara moja tu, mvua ilikuwa kubwa na mimi sikuwa na mwavuli, alisogeza gunia lake la karanga kidogo, pakawa na nafasi chini ya turubai. Nilisimama pale hadi mvua ikapungua. Nikasema ahsante, akasema haya.

Sasa nimestaafu. Ninakoishi kuna genge la mboga mlango wa pili, na hakuna kazi inayonipitisha sokoni. Binti yangu ameniambia magoti yangu si ya safari zile tena, na ni kweli. Bado nakwenda. Natembea hadi upande wa nafaka, nampa shikamoo, anaitikia marahaba, nageuka narudi nyumbani.